Majira ya Baridi Marefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha ya Nyumbani na Raha Zake Ndogo

Maswali haya nimeulizwa mezani, kwenye simu na nikiwa jikoni. Wanaouliza ni watu wanaoingia kwenye baridi yao ya kwanza, na wengine walioizoea zamani ila mwaka huu wamechoka nayo. Mengi ni ya kawaida kabisa: dirisha linalotiririka maji, asubuhi yenye giza totoro, jioni inayoanza mapema mno. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu. Kuna jambo litakalojirudia, nalo nalisema mapema: raha za majira haya haziji zenyewe. Zinataka kupangiwa saa.

Kwa nini majira haya huonekana hayaishi?

Kinachochosha zaidi ni giza kuliko baridi yenyewe. Baridi unaivalia sweta; giza huna cha kulivalia. Mhimili wa dunia umeinama kwa takriban nyuzi 23.4, na upande ulioinamia mbali na jua hupata mwanga wa ubavuni, hafifu, tena kwa saa chache tu. Unakunywa chai, unafanya kazi kidogo, unainua macho saa 10 jioni unakuta taa za barabarani zimeshawaka.

Wengi hudhani dunia inakuwa imeenda mbali na jua. Sivyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na mwanzoni mwa Julai huwa kama milioni 152. Kwa hiyo wanaoishi kaskazini hutetemeka wakati jua liko jirani kuliko siku zote. Mimi jambo hili hunifariji, sijui niseme kwa nini. Labda ni kule kujua kwamba hatujaachwa, tumegeuka tu.

Ziko sehemu zenye giza zaidi. Mjini Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Watu wanaenda kazini, watoto wanaenda shule, sufuria zinachemka kama kawaida. Kiswahili kina neno kipupwe, neno tamu, lakini kipupwe hupita upesi. Majira ninayoyazungumzia hapa hukaa miezi minne au mitano, na kwingine zaidi.

Mchana huanza kurefuka lini?

Siku fupi kuliko zote kaskazini ni karibu na tarehe 21 Desemba. Kusini ni karibu na tarehe 21 Juni. Ila asubuhi na jioni haziendi sambamba. Kwa wakazi wengi wa kaskazini, machweo ya mapema kabisa hutangulia siku hiyo fupi, na asubuhi yenye kuchelewa kuliko zote huja baadaye, karibu na mwanzo wa Januari. Ndiyo maana jioni zinaanza kurudishiwa dakika zake huku asubuhi bado zinazidi kuwa nyeusi. Anayeamka alfajiri huona mambo hayabadiliki, na hukata tamaa wakati mabadiliko yameshaanza upande wa pili wa siku.

Kama nyumba yako ina dirisha linalopata jua la adhuhuri, jaribu hivi. Siku ya jua, saa 6 mchana, tazama pale mwanga unapokomea sakafuni. Weka kipande cha utepe wa karatasi na uandike tarehe. Rudia kila Jumapili yenye jua, saa ileile. Wakati siku ni fupi jua huwa chini angani, kwa hiyo mwanga huingia ndani sana, pengine hadi ukuta wa nyuma. Wiki zikipita jua linapanda, na mwanga unarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea dirishani. Sakafu yangu ina mstari wa vipande hivyo, na watoto ndio wanaogombania kubandika.

Nyumba iwe na joto kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 za Selsiasi kuwa kiwango salama cha chini ndani ya nyumba kwa watu wengi wakati wa baridi. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa huhitaji zaidi. Sebuleni mimi hupenda 19 au 20, chumbani pungufu.

Thamostati, kile kidude cha kupangia joto, huwachanganya wengi. Mtu anaingia nyumbani anatetemeka, anaipandisha hadi 28 akidhani chumba kitapata moto upesi. Hakitapata. Mifumo mingi hupasha kwa kasi ileile, na 28 ni kuiambia tu isisimame mapema. Matokeo yake chumba kinakuwa tanuri, dirisha linafunguliwa, bili inapanda. Iweke pale unapopataka, kisha uwe na subira.

Naweza kupata joto bila kuwasha hita kutwa nzima?

Unaweza, ukianza na mwili kabla ya kuta. Vaa tabaka: nguo nyembamba inayokaa karibu na ngozi, juu yake sweta la sufu, yaani manyoya ya kondoo, na shali ya kutupia unapokaa. Sufu inaweza kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake na bado usihisi imelowa. Pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi wake mgongoni. Soksi mbili zinazobana hazisaidii. Moja nene yenye nafasi ya hewa ndani hushinda.

Halafu chagua kona moja. Nyumba nzima kuwa na joto ni gharama, kona moja haina shida. Kiti, taa ya mwanga wa manjano, blanketi, mahali pa kuweka kikombe. Kona hiyo iwe mbali na ukuta wa nje na mbali na mlango. Ukiketi hapo kila siku baada ya kazi, mwili unaanza kupajua, na mabega hulegea kabla hata hujajifunika.

Chupa ya mpira ya kutia maji moto ni rafiki mkubwa, ila ina masharti yake. Usitie maji yanayotokota. Yaache yapoe kidogo kwanza. Jaza theluthi mbili tu, kisha uibane taratibu hadi uone maji yamefika shingoni na hewa yote imetoka, ndipo ufunge. Ivalishe kifuniko cha kitambaa. Mpira huchakaa hata kwa macho hauonekani, kwa hiyo ibadilishe baada ya miaka 2 hivi. Iweke kitandani, mahali miguu itakapokuwa, dakika 20 kabla ya kulala. Kuingiza miguu kwenye shuka zenye joto usiku wa barafu ni jambo la sekunde tatu, na mimi hulisubiri tangu mchana.

Usidanganywe na pombe. Husukuma damu kuelekea kwenye ngozi, ukahisi moto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka.

Upepo unapenya wapi?

Lowesha mkono kidogo, upitishe polepole pembezoni mwa dirisha na chini ya mlango. Penye upenyo utahisi ubaridi mara moja. Chini ya mlango weka taulo kuukuu iliyoviringishwa. Mapazia yafungue asubuhi upande wa jua, na uyafunge mara giza linapoingia. Usisubiri wakati wa kulala. Yasifunike hita, la sivyo unapasha moto kioo na barabara.

Hita ya ukutani ina moto chini lakini juu ni baridi. Imeharibika?

Kama ni ile ya kuzungusha maji moto, mara nyingi ni hewa iliyonasa ndani. Zima mfumo, subiri ipoe, weka kitambaa na kikombe chini ya skrubu ndogo ya juu pembeni, fungua kidogo kwa ufunguo wake. Utasikia hewa ikitoka, ssss, kisha maji. Yakianza kutoka, funga. Katika jengo lenye mfumo wa pamoja, mwite fundi wa jengo.

Kwa nini madirisha yangu yanalia machozi kila asubuhi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake likikuingia, matatizo matatu yanaondoka pamoja.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Hewa yenye nyuzi 0 hubeba kama gramu 5 tu. Sasa wewe usiku unapumua, jana ulipika, ukaoga, ukaanika nguo. Mvuke wote huo unaelea chumbani bila kuonekana mpaka uguse kitu baridi, na kitu baridi kuliko vyote ni kioo. Pale hewa inapoa, inashindwa kuubeba mzigo wake, inautua. Hayo ndiyo machozi.

Ukiyaacha, maji huingia kwenye mbao na plasta, na baada ya wiki chache unaona vidoa vyeusi kwenye pembe na nyuma ya kabati. Ni ukungu, na ni mbaya kwa kifua. Niliwahi kukaa katika chumba ambacho kabati lilikuwa limegandana na ukuta wa nje. Nilipolivuta mwezi Machi, ukuta wote nyuma yake ulikuwa mweusi kama masizi, na koti langu zuri lilinuka udongo. Tangu siku hiyo kila samani nyumbani kwangu inaachiwa nafasi ya kiganja kati yake na ukuta wa nje.

Dawa yake ni kufungua madirisha, hata kama nje kuna theluji. Yafungue wazi kabisa, mawili yanayotazamana kama unayo, dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Ile hewa ya nje yenye gramu 5 ikishaingia na kupashwa moto inakuwa kavu na ina nafasi kubwa ya kubeba mvuke. Kuta na viti havipoi kwa dakika chache hizo, kwa hiyo joto hurudi haraka. Kinachopoteza joto ni dirisha lililoachwa na upenyo kutwa nzima. Unapopika, funika sufuria. Unapooga, funga mlango wa bafu na uwashe feni ya kutoa hewa. Kioo kilicholowa kifute kwa kitambaa kila asubuhi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kinyume chake: midomo kupasuka, ngozi kuwasha, koo kukauka. Hewa baridi ikipashwa moto hukauka mno. Unyevu mzuri ndani ya nyumba ni kati ya asilimia 30 na 50, na kipimo chake ni kidude kidogo cha bei ya chini. Nunua kimoja, usikisie. Ngozi ipake mafuta mara tu unapotoka kuoga, ikiwa bado na unyevu.

Nguo nizianike wapi?

Chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha linafunguliwa mara kwa mara. Zikamuliwe mara mbili kwenye mashine. Usizitandaze juu ya hita katika chumba unacholala.

Umeme ukikatika, naweza kuingiza jiko la mkaa ndani?

Hapana. Hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jenereta na majiko ya kuchomea nyama ni vilevile: ni vya nje tu. Weka king'ora cha gesi hiyo nyumbani ikiwa unatumia kitu chochote kinachochoma mafuta, kuni au gesi. Kichwa kikianza kuuma kwa watu wote wa nyumba kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Na mabomba: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, ndiyo maana bomba hupasuka. Ukisafiri, usizime joto kabisa, na ujue mapema valvu kuu ya maji ya nyumba yako iko wapi.

Asubuhi siwezi kuamka. Ni uvivu?

Si uvivu. Saa ya mwili hutegemea mwanga, nawe unaamka usiku. Washa taa zote za jikoni mara unaposimama, kisha toka nje mchana hata dakika 20, hata kukiwa na mawingu. Taa za sebuleni kwa kawaida hutoa lux (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Nje, mchana wa mawingu, ni zaidi ya lux elfu moja. Jicho linaona tofauti hiyo hata kama wewe huioni.

Pia uwe na kitu kimoja kizuri kinachokusubiri. Kwangu ni kikombe fulani. Sikitumii mchana wala jioni, ni cha saa 12 na nusu asubuhi peke yake, na chai yake ina tangawizi. Nikiwa kitandani nafikiria kikombe hicho, siifikirii kazi.

Na kama ni huzuni inayorudi kila mwaka?

Hapo ichukulie kwa uzito. Mwaka 1984 daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitaalamu unyogovu unaokuja majira ya baridi na kuondoka mchana ukirefuka. Dalili zake ni kulala kupita kiasi, hamu kubwa ya vyakula vya wanga na sukari, kujitenga na watu, kukosa raha hata ya vitu ulivyovipenda. Tiba mojawapo ni taa maalumu ya lux 10,000, unakaa mbele yake kama dakika 30 asubuhi bila kuikodolea macho. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopitiliza, amwone daktari kwanza. Mazungumzo na mtaalamu pia husaidia, na dawa zipo. Ukiona mawazo yanaelekea kwenye kujidhuru, usisubiri jua lirudi. Mwambie mtu leo.

Vitamini D ni jambo la pembeni lakini lisisahaulike. Mbali na ikweta, jua la majira haya huwa chini mno, na ngozi hutengeneza kidogo sana. Mwenye ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi kupata kiasi kilekile. Uingereza, kwa mfano, huwashauri watu wake wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku katika miezi ya vuli na baridi. Muulize daktari wako kiasi kinachokufaa.

Nipike nini siku ambayo hakuna anayetaka kutoka?

Kitu kinachochukua muda. Faida ya siku hiyo ni kwamba muda unao, na jiko linalochemka polepole hupasha jikoni bure.

Maharage makavu ni mazuri kwa hili. Yaloweke usiku, mwaga maji yake asubuhi, tia mapya. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu, angalau dakika 10, mimi huacha 30, kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayosumbua tumbo vibaya, na joto dogo la chungu cha umeme cha kupikia polepole haliiondoi. Baada ya hapo weka moto mdogo kabisa, kitunguu kizima, karoti, jani moja la kunukia. Chumvi mwishoni. Baada ya saa moja harufu inafika mlangoni. Mtu anayeingia akitokea nje, miwani ikiwa imeganda ukungu na haoni kitu, huijua supu kabla hajaiona.

Mkate nao. Unga, maji, chumvi, hamira, basi. Shida yake wakati wa baridi ni kwamba donge haliumuki upesi, kwa kuwa hamira hupenda nyuzi 25 hivi. Liweke ndani ya oveni isiyowashwa, taa yake tu ikiwaka. Au usishindane na baridi, itumie: liache donge kwenye friji usiku kucha, liumuke polepole, na utaona mkate una ladha zaidi. Wakati wa kukanda, mwanzoni donge linanata vidoleni na kukukatisha tamaa. Endelea. Dakika ya nane au ya tisa linabadilika ghafla, linakuwa laini kama sikio, na ukilibonyeza linarudi lenyewe. Mikono yako wakati huo ina joto hadi kwenye kucha.

Chai inapoa kabla sijaimaliza. Nifanyeje?

Chupa ya chai. Ilibuniwa mwaka 1892 na mwanakemia James Dewar, na hakuwa akifikiria chai hata kidogo; alitaka kuhifadhi gesi alizozigeuza kimiminika kwa ubaridi mkali. Kuta mbili, katikati yake hakuna hewa, joto halina njia ya kupita. Tia maji ya moto ndani yake dakika 5, yamwage, ndipo utie chai. Wengi huruka hatua hiyo, kisha huilaumu chupa.

Je, kitu kinaweza kuchanua ndani ya nyumba wakati nje kumekufa?

Kinaweza, na ukifanya jambo moja tu katika haya yote, lifanye hili. Chukua tunguu la haisinti, ua lenye harufu kali. Linahitaji wiki 10 hadi 12 za ubaridi na giza kwanza, kwenye gereji au sehemu ya chini ya friji, mbali na matunda. Ndipo uliweke juu ya glasi yenye shingo nyembamba, maji yakikaribia kitako bila kukigusa. Vaa glavu, maana maganda yake huwasha, na uliweke mbali na paka na mbwa, ni sumu kwao. Mizizi hushuka majini, myeupe, kama nyuzi za kufumia. Kisha ncha ya kijani. Siku linapofunguka, nyumba nzima inajua. Asiye na subira ya ubaridi achukue ua la amarilisi, huchanua wiki 6 hadi 8 tangu kupandwa.

Hata kitako cha kitunguu majani kwenye glasi ya maji dirishani huota tena kwa siku chache. Ni jani la kijani, unalikata, unalila.

Theluji ikianguka, kwa nini kunakuwa kimya hivyo?

Theluji mpya imejaa hewa kati ya chembe zake, na nafasi hizo humeza sauti. Ikigandamizwa na kuwa barafu, kelele zinarudi. Kwa hiyo kimya kile kina muda wake. Ukiamka na kuona chumba kina mwanga wa ajabu na magari hayasikiki, usishike simu. Fungua dirisha usikilize kwanza.

Kwa watoto, na kwa watu wazima pia: acha kitambaa cheusi nje kipoe vizuri, kisha kidakie theluji inayoanguka na uitazame kwa lenzi ya kukuzia, ukizuia pumzi. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont nchini Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji kwa kamera iliyounganishwa na hadubini tarehe 15 Januari 1885, na katika maisha yake alipiga zaidi ya 5,000. Mwaka 1936, huko Japani, mwanafizikia Ukichiro Nakaya alifaulu kukuza chembe ya theluji maabara, ikining'inia kwenye unywele wa sungura. Waambie watoto habari hiyo huku mmeinama pamoja juu ya kitambaa. Wahesabu wenyewe pembe sita.

Tumefungiwa ndani pamoja na tunagombana. Ni kawaida?

Ni kawaida sana. Mara nyingi mnachogombania si kile mnachokitaja. Watu hawana mahali pa kwenda na hasira zao ndogo, basi zinaangukia kwenye sahani isiyooshwa. Sisi tuna kanuni moja: mtu akikaa kwenye kile kiti cha kona, hasemeshwi mpaka ainuke. Hata mtoto wa miaka sita ana haki hiyo. Jioni moja kwa wiki simu zote zinaingia kwenye kikapu, tunacheza karata au mmoja anasoma kwa sauti. Wiki ya kwanza walinuna. Siku hizi wao ndio wanaokileta kikapu.

Mikono nayo ipewe kazi. Kufuma, kurekebisha kiti kinachoyumba, kupanga picha za zamani. Mazungumzo magumu huwa mepesi macho yakiwa kwenye uzi.

Ninaishi peke yangu. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Tandika meza hata kama sahani ni moja. Weka siku na saa ya kumpigia mtu simu, iwe ileile kila wiki, kwa sababu "tutaongea" ya wakati wa baridi hupotea gizani. Pika sufuria kubwa, gandisha nusu, na umgongee jirani na bakuli. Jirani mzee hasa; barafu ya njiani humfunga ndani siku nyingi kuliko wewe.

Nilale vipi vizuri?

Chumba kiwe na ubaridi kidogo, blanketi liwe zito. Oga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Ukitoka, mwili unapoteza joto, na kushuka huko ndiko kunakoita usingizi. Soksi safi, taa hafifu, simu chumba kingine.

Baridi ikikaribia kuisha nifanye nini?

Usiyafungie masweta siku ya kwanza ya jua. Baridi hurudi mara mbili au tatu. Ukiwa na hakika, yafue kwa maji ya baridi, yakaushe yakiwa yamelazwa, ukiyatundika hurefuka. Nondo hupenda sufu chafu, kwa hiyo safi tu ndizo ziingie sandukuni. Mbegu za nyanya zioteshe dirishani wiki 6 hadi 8 kabla ya baridi ya mwisho ya kugandisha.

Vipande vya utepe sakafuni huwa vimefika karibu kabisa na ukuta wa dirisha. Sivibandui kwa mara moja. Kila siku ambayo dirisha limeshinda wazi nabandua kimoja, nikianza na kile cha Desemba, kilicho mbali kuliko vyote.